Aliugua kwa Muda Mfupi

Mkenya wa kawaida huandikiwa wasifu mara moja tu, na siku hiyo hayupo kuusoma. Ni kurasa nne za karatasi inayong'aa, zimechapishwa River Road usiku wa kuamkia mazishi, na picha ya kitambulisho imekuzwa hadi ikafifia. Ndani, kila mtu anajua kitakachofuata. Alizaliwa kwa marehemu fulani na fulani. Akasoma shule fulani, akaajiriwa, akafunga ndoa, akajaliwa watoto watano na wajukuu kumi na mmoja. Halafu sentensi ile ya mwisho: aliugua kwa muda mfupi, akapumzika.

Nimeandika eulogi kadhaa kwa malipo. Ukiacha chuo mwaka wa tatu na majirani wanajua unajua kuandika, hiyo ndiyo kazi ya kwanza utakayoitiwa. Huwa naiuliza familia maswali mawili. Alikuwa mtoto wa namna gani? Na aliugua nini? La kwanza, mara nyingi hakuna anayejua jibu. La pili, wote wanajua, na hakuna anayetaka liandikwe.

Kwa hivyo mwanzo wa maisha unapotea kwa sababu waliouona walishakufa, na mwisho unapotea kwa sababu waliouona wamenyamaza. Kinachobaki ni vyeti vya shule na orodha ya wajukuu.

Naishi Muthangari, upande unaoelekea Kawangware. Historia ya hapa iliyoandikwa huanzia 1899, mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya St. Austin's na kupanda kahawa. Kahawa hiyo ina ukoo unaojulikana. Inaitwa French Mission hadi leo, na mtaalamu wa kahawa aliye Tokyo anaweza kukueleza nasaba yake hadi kisiwa cha Réunion. Wavulana walioichuma je? Walikuwa na umri gani? Walilala wapi, walikula nini mchana, nani alikohoa usiku? Kahawa imeandikiwa wasifu mzuri kuliko wao.

Lakini kuna watu wa kwetu, Afrika Mashariki, waliokataa kusubiri eulogi. Waliandika wenyewe, na waliwaandikia watoto wao. Nikiwasoma naona jambo moja linajirudia: wengi walikuwa wagonjwa au wamechoka, na msomaji waliyemlenga walimjua kwa jina.

Wa kwanza ni Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate. Mwaka 1858 alikuwa ameugua kwa muda mrefu, na hakutarajia kumwona binti yake, Mwana Hashima, akiwa mama mwenye nyumba yake. Akamwita akae karibu na karatasi na wino, akamtungia utenzi wa beti zaidi ya 100. Shuleni tulifundishwa utenzi huo kama somo la jinsi mke anavyopaswa kumtii mume, na wengi wetu tuliuchukia kwa sababu hiyo. Usome tena ukikumbuka kwamba anayesema yuko kitandani. Utaona mama anayehesabu siku, anayemwachia mtoto wa kike kila anachoona kitamkinga akibaki peke yake. Miaka michache baadaye alikufa.

Wa pili ni Salme binti Said, aliyezaliwa 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja. Baba yake alikuwa Sultani Sayyid Said. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma, lakini kuandika hawakuruhusiwa. Salme akajifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 alitoroka Zanzibar akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akabatizwa Aden kwa jina la Emily, akaishia Hamburg. Mwaka 1870 mume wake aligongwa na tramu akafa. Akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi, wakiongea Kijerumani, wakijua tu kwamba mama yao ni Mwarabu na ametoka Zanzibar.

Akaanza kuwaandikia. Mwenyewe anaeleza kwamba mwili na roho vilikuwa vimechoka, na hakutegemea kuishi hadi wawe wakubwa awasimulie kwa mdomo. Kitabu kilitoka Ujerumani mwaka 1886, na bado kinachapishwa. Watu hukitaja kwa ajili ya mapenzi na siasa, mambo ya wafalme na manowari. Mimi nilinaswa na mambo madogo. Anasimulia watoto wa kasri walivyoamshwa, walivyofundishwa kupanda farasi, nani aligombana na nani. Kuna sura nzima ya magonjwa na tiba: watu walitibiwaje Unguja, walifanya nini mtu alipopandwa na pepo. Kipindupindu cha 1859, kilichomuua mama yake, kimo. Hiyo sura ingekuwa ya kwanza kufutwa na kamati ya mazishi.

Ukitaka mtoto wa kiume wa karibu na hapa, mfuate Ngũgĩ wa Thiong'o. Alipochapisha kumbukumbu za utoto wake mwaka 2010 alikuwa na zaidi ya miaka sabini. Limuru yake ina baba mmoja, wake wanne na watoto ishirini na wanne. Ina pia mvulana anayesumbuliwa na macho, anayeletwa Nairobi kwenye hospitali ambayo leo tunaiita Kenyatta. Mvulana asiyeona vizuri ndiye aliyekuja kuishi kwa kusoma na kuandika. Angeacha macho nje ya kitabu, tungekosa nusu ya hadithi.

Najua kuna atakayesema, sawa, hao ni binti wa sultani na profesa. Shosho yangu wa Kangemi nani atamchapisha? Hilo ni swali la haki, na jibu lake lilipatikana Uganda.

Mwaka 1992 wanawake wa Uganda waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI waliunda chama chao, NACWOLA. Dawa hazikuwepo kwa mtu wa kawaida. Walijua watakufa na kuacha watoto wadogo wasiojua wao ni nani, jamaa zao wako wapi, shamba la babu liko mlima upi. Wakachukua wazo lililokuwa limejaribiwa London na akina mama Waafrika waliohudumiwa na shirika la Barnardo's: kitabu cha kumbukumbu. Mama alimwandikia mtoto wake jinsi alivyozaliwa, alivyokuwa akiwa mdogo, baba yake ni nani, ukoo wake ni upi, na mama mwenyewe alikulia wapi. Aliyeshindwa kuandika alichora au alisaidiwa. Mwandishi Msweden Henning Mankell alikwenda kuviona na akaandika kitabu juu yake.

Ndani ya vitabu hivyo palikuwa na ukurasa wa afya. Ndio uliokuwa mgumu kuliko yote, kwa sababu ili uuandike ilibidi kwanza useme. Mama alilazimika kuketi na mtoto wa miaka minane au kumi na kumwambia jina la ugonjwa. Wengi walisema baadaye kwamba kimya ndicho kilichokuwa kikiwaumiza watoto zaidi, maana mtoto anayeona mama akikonda hujitungia sababu yake mwenyewe, na mara nyingi sababu anayojitungia ni yeye. Dawa zilipofika, akina mama wengi waliishi. Wakabaki na kitabu ndani ya nyumba na mtoto ambaye tayari anajua ukweli.

Sasa fikiria upande wetu wa mpaka. Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Wengi wanaosoma hapa walizaliwa miaka hiyo, kabla au baada kidogo. Wangapi kati yetu wana mjomba au mzazi ambaye picha yake iko ukutani na ugonjwa wake hautajwi? "Alikuwa na kifua." "Ilikuwa malaria ikapanda kichwani." Tunakaa na majibu hayo hadi siku daktari anapouliza: kwenu kuna nani mwenye kisukari? Presha? Selimundu? Kuna shangazi aliyeugua saratani ya matiti? Unatazama dari. Fomu inajazwa "hakuna", na kumbe jibu sahihi ni "sijui".

Kimya kina gharama nyingine, na Wakenya waliilipia mahakamani. Mwaka 2009 wazee walioteswa wakati wa Hali ya Hatari walifungua kesi London dhidi ya serikali ya Uingereza. Miongoni mwao walikuwa Wambugu wa Nyingi, Jane Muthoni Mara na Paulo Nzili. Walisimulia wenyewe yaliyotendewa miili yao, mambo ambayo wazee wa aina yao hawayataji mbele ya watoto. Mwaka 2011 ikajulikana kwamba Uingereza ilikuwa imeficha maelfu ya faili za kikoloni katika jengo la Hanslope Park. Juni 2013 serikali hiyo ikatangaza kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Kesi nyingine kubwa zaidi, ya Wakenya zaidi ya 40,000, ilianguka mwaka 2018. Sababu moja kubwa ilikuwa kwamba muda uliopita ulikuwa mrefu mno, mashahidi wamekufa na kumbukumbu zimefifia. Sababu za watu kunyamaza hazikutosha. Kalenda ilishinda.

Kwa hivyo ebu chukua simu yako. Usianze na "nieleze maisha yako", maana mzee atakupa eulogi: shule, kazi, ndoa. Muulize alilala chumba kimoja na nani. Njaa ikiingia, mlikula nini? Nani alikupiga sana, na nani alikuficha? Ni ndugu yupi hakukua? Baba yako alikufaje, miezi ya mwisho alikuwa anakula nini, alikuwa analalamika wapi? Majina ya magonjwa wazee wengi hawana, lakini dalili wanazikumbuka kama jana. Mwombe ruhusa, mwambie ni nani atasikia, na kama kuna sehemu hataki isikike kabla hajafa, heshimu. Halafu uandike kwa mkono au uchapishe. Simu huibiwa Kawangware kila siku, na rekodi zinaenda nayo.

Nilifanya hivyo na guka yangu kwa Jumapili sita. Anakadiria alizaliwa 1941. Kitambulisho chake kinasema Januari mosi, kama cha nusu ya wazee wa Kiambu. Alinieleza walivyohamishiwa kijiji cha Emajensi, nyumba zikiwa zimebanana hadi ukipiga chafya jirani anakujibu. Alinieleza jinsi yeye na wavulana wenzake walivyokuwa wakiiba viazi na kuvila vibichi wakijificha, kwa sababu moshi ungewatoa. Nilicheka sana. Jumapili ya nne akafika kwa baba yake.

Baba yake alikufa miaka ya sitini. Alikuwa na kidonda mguuni kisichopona. Alikunywa maji usiku kucha na kutoka nje kila saa, na asubuhi pale alipokojoa palikuwa na sisimizi wengi. Guka alikumbuka sisimizi vizuri, kwa sababu yeye ndiye aliyetumwa kumwaga jivu juu yao. Mguu ukaoza, mzee akafa, na familia ikaamua kwamba amerogwa na mke wake mdogo. Mama huyo alifukuzwa na watoto wake wanne. Walipoteza shamba. Kwa karibu miaka sitini, nyumba hizo mbili hazijaoana, hazijazikana, hazijasalimiana sokoni.

Guka mwenyewe aligunduliwa na kisukari mwaka 2011. Muuguzi alipomweleza kwamba sukari hutoka na mkojo, alinyamaza. Hakumwambia mtu, hata shosho. Aliniambia mimi, rekodi ikiendelea: "Wale sisimizi walikuwa wanatuambia, na sisi tukamfukuza mama wa watu."

Siwezi kumpima mtu aliyezikwa zamani hivyo. Lakini baba yangu amepimwa tangu wakati huo, na mimi pia, mara mbili, na binamu zangu wanajua nini cha kuangalia. Niliandika yote, kurasa thelathini na moja, juu nikaweka jina la mpwa wangu mwenye miaka mitatu. Nikamsomea guka. Alirekebisha majina mawili na bei ya mbuzi. Sehemu ya sisimizi hakuigusa.

Kisha akaniambia nitoe nakala nyingine, niipeleke Nakuru, wanakoishi wajukuu wa yule mama. Nikamuuliza niandike nini kwenye bahasha. Akafikiri kidogo, akasema niandike jina la mama yao kwanza, lake liwe chini. Niliipeleka mwezi uliopita. Mwanamke wa rika langu aliipokea mlangoni, akasoma yale majina mawili, akaniuliza kama ningependa chai.