Mapenzi, Utengano na Kalamu: Riwaya ya Manzoni na Suala la Lugha

Riwaya ya kihistoria imezoea kusimulia wapenzi wawili waliotenganishwa. Wahakiki wengi huuona utengano huo kuwa chambo tu cha kumnasa msomaji. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika riwaya ya Alessandro Manzoni, I promessi sposi, yaani Wachumba, utengano unabeba historia yenyewe, na kwamba lugha ni mojawapo ya vyanzo vyake.

Kisa kinatokea kati ya 1628 na 1630 katika nchi ya Milano, iliyotawaliwa na Wahispania. Renzo, mfumaji wa hariri, na Lucia, binti wa kijijini karibu na ziwa la Como, wako tayari kuoana. Kabaila Don Rodrigo, anayemtamani Lucia, anamtisha padre asiwafungishe ndoa. Padre, badala ya kukiri woga wake, anamrundikia Renzo maneno ya Kilatini. Mwanasheria naye anamsomea amri za serikali, kisha anamfukuza mara asikiapo jina la kabaila. Ni dhahiri basi kwamba maandishi yako mikononi mwa wenye nguvu.

Wachumba wanakimbia. Lucia anahifadhiwa na watawa wa Monza. Renzo anaangukia katika ghasia za mkate mjini Milano, Novemba 1628, kisha anavuka mto Adda na kuingia nchi ya Bergamo, iliyokuwa chini ya Venezia. Kwa njia hiyo njaa, vita na tauni ya 1630 vinatazamwa kwa macho ya wanyonge, kila mmoja mahali pake.

Lililo zito zaidi ni zile barua. Renzo hajui kuandika, wala Agnese, mama yake Lucia. Kila mmoja hana budi kutafuta wa kumwandikia na wa kumsomea. Waandishi hao huongeza na kupunguza, hata ujumbe ukifika umekwisha kuwa mwingine. Lucia, aliyetekwa nyara, aliweka nadhiri ya kutoolewa iwapo angeokoka. Agnese anampelekea Renzo habari hiyo pamoja na skudi 50, na Renzo haelewi kinachotakiwa kwake. Fumbo linafumbuka pale tu wanapoonana uso kwa uso katika kambi ya wagonjwa wa tauni, ambako mtawa Cristoforo anaitangua nadhiri.

Chapa ya kwanza ilikamilika 1827. Mwaka uo huo Manzoni alikwenda Firenze, kisha akaiandika upya lugha ya kitabu kwa kufuata usemi wa wasomi wa mji huo, mpaka ikatoka chapa ya 1840-1842. Italia haikuwa imeungana hadi 1861, na watu wake wengi walisema lahaja zao. Lakini ufumbuzi huo una gharama: Renzo na Lucia, watu wa Lombardia, wanasema kwa ulimi usio wao.

Sisi tuliorithi kazi ya Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930, iliyosanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, hatuwezi kulipuuza jambo hili. Mtunzi wetu akisimulia wapenzi wa Mvita au Lamu ya karne ya 19, je, watapendana kwa lahaja gani? Rai yetu ni kwamba masimulizi yabaki sanifu, na mazungumzo yaachiwe lahaja yake. La sivyo, wapenzi hao nao watakuwa wameandikiwa barua na mtu mwingine.