Kiwanda kikitaka kupanuka: Nani hukikagua, na wakazi wana haki gani?

Kiwanda kimekuwa jirani kwa miaka mingi. Siku moja malori yanaanza kumwaga kokoto na saruji nyuma ya ua, na habari zinaenea mtaani kwamba kuna jengo jipya na mitambo mipya inakuja. Je, leseni ya zamani inatosha?

Nchini Kenya, jibu fupi ni hapana, ikiwa upanuzi huo unabadilisha mradi kwa kiasi kikubwa.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inataka miradi iliyoorodheshwa, vikiwemo viwanda vingi, ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Anayetoa leseni ni Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA.

Kifungu cha 64 kinaenda mbele zaidi. Hata leseni ikiwa tayari imetolewa, NEMA inaweza kuagiza tathmini mpya mradi ukibadilishwa sana, au ukionekana kuleta hatari ambayo haikutarajiwa mwanzoni.

Sababu ni rahisi. Tanuri la pili likiwashwa, moshi wa lile la kwanza hauondoki. Mtaro uliotosha majitaka ya zamu moja unaweza kufurika kwa zamu tatu. Kwa hiyo tathmini ya maana hupima kiwanda kizima, cha zamani na kipya pamoja, badala ya kuangalia jengo jipya peke yake.

Mambo yanayoangaliwa

Kwa upande wa mazingira: moshi na vumbi, majitaka na yanakoelekea, kelele, taka zenye sumu, maji yatakayotumika, na umbali kutoka nyumba, shule na visima.

Kwa upande wa wafanyakazi, kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Mwajiri lazima atathmini hatari zilizopo kazini, na mahali pa kazi lazima pasajiliwe. Boila na mashine za kuinua mizigo hukaguliwa na wataalamu walioidhinishwa. Milango ya dharura isifungwe kwa namna ambayo aliye ndani atashindwa kuifungua haraka.

Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama na afya, na ukaguzi wa usalama ufanywe angalau mara moja kila miezi 12. Kiwanda kilichokuwa na watu 15 kikiajiri wengine 10, tayari kimeingia kwenye kundi hili.

Hatua zinavyofuatana

Mwenye kiwanda humwajiri mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA na kumlipa. Mtaalamu hukagua eneo, husikiliza wakazi na kuandika ripoti. Ripoti husema madhara ni yapi na yatapunguzwaje.

Kwa miradi mikubwa inayohitaji utafiti kamili, tangazo hutolewa kwenye Gazeti rasmi la Serikali, gazetini na redioni, likieleza ripoti inapatikana wapi. Wananchi hutuma maoni yao. NEMA inaweza kukataa, au kukubali na kuweka masharti. Baada ya hapo kiwanda hufanyiwa ukaguzi wa mazingira kuona kama masharti yanafuatwa.

Tatizo linaonekana wazi: anayemlipa mtaalamu ndiye anayetaka kibali. Ndiyo maana maoni ya majirani si mapambo. Wao ndio wanaojua maji hupita wapi mvua ikinyesha na moshi huelekea wapi usiku.

Somo la Owino Uhuru

Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi kilianza kazi kando ya kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa. Miaka miwili baadaye kilimwajiri Phyllis Omido, na moja ya kazi zake za kwanza ikawa kuandaa ripoti ya athari kwa mazingira. Kiwanda kilikuwa tayari kinayeyusha.

Wataalamu aliofanya nao kazi waliona kwamba wanakijiji walikuwa karibu mno na sumu. Omido akapendekeza kiwanda kifungwe na kuhamishwa. Wakubwa wake walikataa, na akaondolewa kwenye kazi hiyo. Baadaye mtoto wake mwenyewe aligunduliwa kuwa na sumu ya risasi mwilini.

Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ikafuta fidia hiyo mwaka 2023, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Ripoti iliyoandikwa baada ya tanuri kuwashwa ilisema kweli, lakini watu walikuwa wameshavuta ule moshi.

Mkazi afanye nini?

Kwanza, aombe kuona leseni na ripoti. Aulize: je, ripoti hii inahusu upanuzi, au ni ile ya zamani? Imehesabu moshi na majitaka ya kiwanda kizima? Kama moto utazuka, gari la zimamoto litapita wapi?

Pili, atume maoni kwa maandishi kabla ya muda uliotangazwa kuisha, abaki na nakala, na apige picha zenye tarehe.

Tatu, leseni ikitolewa na hakuridhika, anaweza kukata rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60. Asingoje, siku hizo huisha upesi.

Nne, Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikitishiwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyeumia. Kwa maneno mengine, si lazima mtoto augue ndipo mzazi asikilizwe.