Mgeni Aliyefundishwa Kusema: Kiswahili na Safari za Wamisionari katika Musoma, Bunda na Butiama



Historia ya misheni katika Afrika Mashariki imezoeleka kuandikwa kuwa ni historia ya waliofika. Husimuliwa meli iliyowaleta, kilima walichopiga hema, shule na zahanati walizojenga. Sisi wa taaluma za lugha nasi tumezoea kuuliza wageni hao waliandika nini: sarufi, kamusi, tafsiri za Maandiko. Swali ninalolileta mbele yenu ni dogo kuliko hayo, na nadhani ndiyo sababu limetupita. Msafiri yule alipofika, nani alimfundisha kusema?

Nimechagua Mara kwa makusudi. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, na Steere alipofika Unguja miaka 20 baadaye, kila mmoja alikaa na watu waliozaliwa na Kiswahili. Kosa lake lilikuwa na msahihishaji. Mashariki ya Ziwa Viktoria mambo yalikuwa mbali na hayo. Hapo waliishi Wazanaki, Wajita, Wakwaya, Waikizu, Wangoreme, Wakurya, Waluo na wengineo, kila watu na lugha yao, na Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumba yoyote. Kililetwa na misafara ya biashara, askari, makarani na walimu. Kwa hiyo mmisionari na mwanakijiji walikutana ndani ya lugha ambayo wote wawili walikuwa wageni wake. Hoja yangu ni kwamba hali hiyo ndiyo iliyoamua uhusiano wao kwa miaka mingi, kuliko hata mafundisho ya dini waliyokubaliana au kubishana.

Kwanza tuwatazame wasafiri wenyewe. Wamennonite wa Lancaster, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, hawakuwa wa kwanza kufika. Waadventista kutoka Ujerumani walikwisha kuanza kazi Majita mwaka 1909, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walifika pia Busegwe, jirani na Butiama. Wakatoliki walikuwa na misheni Nyegina tangu mwaka 1911. Lakini Wamennonite wanatufaa zaidi kwa mfano huu, kwa kuwa walikuja wakiwa kundi, na kwa kuwa walikaa. Mwishoni mwa mwaka 1933 Elam Stauffer na Orie Miller walitumwa kutafuta mahali pa kufanyia kazi. Emil Sywulka, mmisionari wa Africa Inland Mission aliyekuwa na uzoefu wa upande wa Mwanza, aliwashauri watazame mashariki ya ziwa. Mwaka 1934 kituo cha kwanza kikaanzishwa Shirati, katika nchi ya Waluo, na miongoni mwa watu wa kundi lile la mwanzo walikuwamo Elizabeth Stauffer pamoja na John na Ruth Mosemann. Katika miaka michache iliyofuata vikaja vituo vya Bukiroba, karibu na mji wa Musoma, Mugango, na Bumangi katika nchi ya Wazanaki, ambako walikwenda Clyde na Alta Shenk.

Inafaa kukumbuka kwamba watu hawa walitoka katika kanisa ambalo lenyewe lilikuwa limehama lugha. Wazee wao walisali kwa Kijerumani kwa vizazi vingi hata baada ya kuhamia Marekani, na Kiingereza kiliingia ibadani mwao kwa taratibu na kwa mabishano. Sidai kwamba jambo hilo liliwafanya wanafunzi bora wa Kiswahili. Ila hawakuwa wageni wa wazo kwamba mtu anaweza kumwomba Mungu kwa lugha ya nyumbani na kufanya biashara kwa nyingine.

Swali lililowakabili lilikuwa lile lile: wahubiri kwa lugha gani? Shirati peke yake ilitaka Kiluo. Ukishuka kusini unakuta Kisuba na Kisimbiti, kisha Kikwaya, Kijita na Kizanaki, zote katika mwendo wa siku chache kwa miguu. Mtu asingeweza kujifunza zote. Kiswahili kilichaguliwa kwa sababu kiliwafikia wengi kiasi, wala si kwa sababu kilimfikia yeyote kikamilifu. Biblia waliyoikuta ilikuwa ya lahaja za pwani, maana tafsiri ya pamoja, ile ya Union Version, haikukamilika hadi mwaka 1952. Hebu fikirini msichana wa Bumangi akisomewa Injili kwa maneno ya Unguja na mtu wa Pennsylvania. Baina ya vinywa vyao hapakuwa na Mswahili wa kuamua nani amekosea.

Na hapa naomba mnivumilie nitaje jambo la mwaka huo huo wa 1934. Wakati kundi la Lancaster likipambana na ngeli za Kiswahili huko Shirati, mtoto mmoja wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki aliondoka Butiama kwenda kuanza shule Mwisenge, mjini Musoma. Alikuwa na umri wa miaka 12 hivi, na lugha aliyoijua ilikuwa Kizanaki. Kiswahili alikianza darasani, kama walivyokianza wale wageni. Mtafsiri wa baadaye wa Shakespeare kwa Kiswahili na Wamarekani wale walikuwa, kwa muda, wanafunzi wa darasa moja la mkoa mmoja. Nafikiri hilo linatosha kutuonya tusiseme kwamba wamisionari walikileta Kiswahili Mara. Walikipokea humo.

Mwaka 1942 uamsho ulifika Shirati. Asili yake haikuwa ng'ambo. Ulitoka Rwanda na Uganda, ukapita Katoke upande wa Bukoba, ukavuka ziwa. Kwa mwanafunzi wa lugha, tukio hili lina uzito kuliko shule zote za misheni. Liliunda rejista. Kuokoka, kutubu, ushuhuda, kutembea nuruni, na salamu ya "Bwana asifiwe" ambayo hadi leo ni kitambulisho cha mlokole kuanzia Tarime hadi Mtwara, yalipata maana zake za kidini katika mikutano ile, midomoni mwa Waafrika, kwa Kiswahili cha bara. Wamisionari waliotaka kushiriki ilibidi wasimame mbele ya wenyeji waungame kwa lugha hiyo, kwa maneno waliyofundishwa na wenyeji. Mtu anayeungama kwa lugha ya pili hana pa kujificha, kwani msamiati wake hautoshi kumpa visingizio. Mwaka 1950 Wamennonite walipowabariki wachungaji wao wa kwanza wa Kiafrika, akiwamo Zedekia Kisare aliyekuja kuwa askofu mwaka 1967, kanisa lilikuwa tayari na namna yake ya kusema. Namna hiyo haikusafirishwa kutoka Lancaster.

Sasa turudi Musoma, mwaka 1955. Mapadre wa Maryknoll, nao Wamarekani, walikuwa wamefika tangu mwaka 1946. Julius Nyerere alikuwa amebatizwa Nyegina Desemba 1943, amesoma Makerere, amekwenda Edinburgh mwaka 1949 na kurudi mwaka 1952 na shahada ya M.A. Machi 1955 alikuwa New York, akizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi aliacha ualimu Pugu, maana alitakiwa achague kati ya shule na siasa, akaenda kwao. Katika miezi ile alifanya kazi kwa Mapadre wa Maryknoll: alimfundisha Padre Arthur Wille Kizanaki, akatafsiri kwa Kizanaki mafundisho ya dini na sehemu za Injili.

Waandishi wa maisha ya Mwalimu hulipita tukio hili haraka, kana kwamba lilikuwa mapumziko baina ya mambo makubwa. Mimi naliona kuwa ndiyo picha kamili ya jambo tunalolizungumza. Mtu aliyetoka tu ng'ambo kuitetea nchi yake alikaa kitako akamfundisha mtu wa ng'ambo kusema lugha ya Butiama. Na haikuwa kazi nyepesi. Kizanaki kina irabu saba, na hati ya Kiswahili ina herufi tano za irabu. Anayekiandika kwa herufi hizo hulazimika kuzifunga sauti mbili ndani ya nyingine, na msomaji asiyekijua hatazitambua. Hapo mgeni hawezi kujitegemea kwa kitabu. Anahitaji sikio la mtu.

Miaka 41 baadaye, mwaka 1996, mtu yule yule alitoa Injili nne na Matendo ya Mitume kwa Kiswahili katika bahari ya utenzi, zikachapwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Wahakiki wetu wameziandikia kidogo mno kuliko walivyoiandikia tafsiri ya *Julius Caesar* ya mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* ya mwaka 1969. Ni uonevu. Katika tenzi hizo Maandiko yanaingizwa na Mzanaki katika umbo la ushairi lililokuzwa na Waislamu wa pwani, na hakuna mmisionari aliyesimama katikati. Kama kuna andiko moja linaloonyesha kwamba Kiswahili kilikuwa kimekoma kuwa lugha ya ugenini Mara, ni hilo.

Wageni wa Maryknoll walipata funzo kutokana na uzoefu wa aina hii. Katika miaka ya 1960 walianzisha shule ya lugha Makoko, ukingoni mwa ziwa hapo Musoma. Mapadre, masista na walei wa mataifa na madhehebu mbalimbali walikaa humo kwa miezi kadhaa kabla ya kupelekwa vituoni. Walimu wao walikuwa Watanzania. Wengi wa wageni hao waliondoka na Kiswahili chenye lafudhi ya Mara, ambako lugha kadhaa hazitenganishi l na r, wakaenda kukizungumza Shinyanga na Nairobi. Sijui utafiti wowote uliofuatilia lafudhi hiyo ilikoishia, na nampendekezea mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada.

Safari za siku hizi ni za namna nyingine. Kundi la vijana na wazee wa kanisa linatua Mwanza kwa ndege, linapanda basi dogo kupita Lamadi na Bunda, linafika Musoma jioni. Litajenga ukuta wa darasa, litatembelea hospitali, litahubiri Jumapili mbili, kisha litarudi likipitia Serengeti. Uhusiano wa Dayosisi ya Anglikana ya Mara, iliyoundwa mwaka 1985, na Dayosisi ya Wakefield nchini Uingereza umeleta wageni wa aina hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na umepeleka watu wa Mara Uingereza vilevile. Uliendelea hata baada ya Wakefield kuunganishwa na jirani zake mwaka 2014 katika dayosisi inayoitwa sasa Leeds. Sikusudii kuwabeza. Wanaokwenda pande zote mbili wanakula pamoja na kuzika pamoja, jambo ambalo misheni ya zamani haikulifanya mara zote.

Lakini kwa wiki mbili hakuna anayejifunza ngeli. Kati ya mgeni na mwenyeji amesimama mkalimani, na huyo ndiye mtu ambaye taaluma yetu haijamtazama vya kutosha. Mtazameni kanisani Bunda. Mgeni anasema asubuhi njema, mkalimani anapaza sauti, "Bwana asifiwe!", waumini wanaitikia, "Amina!" Mgeni anatabasamu, akidhani asubuhi yake imepokewa kwa shangwe. Mkalimani hakudanganya. Ametafsiri tendo, akaacha maneno. Mgeni akileta mzaha wa kwao, mkalimani hodari huuruka na kuweka wa hapa, kicheko kikaja kwa wakati wake. Mahubiri yanayosikika ni ya mkalimani kwa zaidi ya nusu. Sifa na lawama humwendea mwingine.

Athari nyingine hurudi kinyume. Katika sala za hadhara siku hizi husikika, "Baba, tunataka tu kukushukuru." Hilo "tu" katika Kiswahili hupunguza: nataka maji tu, basi. Ndani ya sala halipunguzi kitu. Ni kivuli cha msemo wa waombaji wa Kimarekani, uliopita kwa mkalimani ukabaki. Walokole wa mwaka 1942 wasingeuelewa. Waliomba moja kwa moja: tunakushukuru. Sisemi hili kwa kuwa nachukia maneno mapya. Kiswahili kimekula mengi na kikanenepa. Nasema kwa sababu linaonyesha mwelekeo. Zamani mgeni alikaa muda wa kutosha sentensi yake ikanyooshwa na wenyeji. Leo anaondoka kabla haijanyooshwa, na sentensi inabaki kama ilivyo.

Hata hivyo mwendo si mmoja. Tangu miaka ya 2000 kuna wataalamu wa isimu na tafsiri ya Biblia mjini Musoma, baadhi yao kutoka Ulaya na Marekani, wanaoshirikiana na wenyeji kuandika lugha za Mara: Kizanaki, Kijita, Kikwaya, Kiikizu, Kisimbiti, Kikabwa, Kingoreme na nyinginezo. Swali la irabu saba, ambalo yeyote aliyeandika Kizanaki mwaka 1955 alikuwa nalo mezani, linajadiliwa huko upya, mara hii kwa vinasa sauti na vikao vya wazee. Wageni hao hukaa miaka. Mzanaki hukaa upande mmoja wa meza, mgeni upande wa pili, na lugha wanayobishania irabu hizo ni Kiswahili.