Pumzi Huvutwa na Nani?



Ramadhani moja hapa kwetu Lindi, Kibera, tulitoka tarawehe tukamkuta mtoto wa shangazi anahema. Mamake akasema ni homa ya baridi tu. Bibi jirani akamfunua kifua, akatazama kidogo, akasema: "Wanangu, huyu si wa kungoja daku. Angalieni mbavu." Kila mtoto akivuta pumzi, chini ya mbavu palibonyea ndani. Tukamkimbiza zahanati usiku ule ule. Ilikuwa nimonia. Alhamdulillahi, alipona.

Bibi aliona nini? Wengi tunadhani mapafu hujivuta yenyewe. Kumbe hayana msuli wa kuyapanua! Kazi hiyo ni ya kiwambo, yaani msuli mpana kati ya kifua na tumbo, ukisaidiwa na misuli ya mbavu.

Elimu hii ni ya zamani. Katika karne ya 2, tabibu Galen alikata neva za wanyama akaangalia ni misuli ipi ya pumzi inayolala. Karne ya 9 mjini Baghdad, Hunayn ibn Ishaq, tabibu Mkristo, pamoja na wenzake walivitia vitabu vya Galen katika Kiarabu, na matabibu wa Kiislamu wakavisoma.

Kupima kulikuja baadaye. Mwaka 1846 John Hutchinson wa London alieleza chombo chake cha kupima pumzi, akiwa amepima watu zaidi ya 2,000. Lakini chombo hicho kilipima hewa tu, si jitihada ya misuli. Sasa, msuli ukifanya kazi hutoa umeme mdogo sana. Mwaka 1960 watafiti Petit, Milic-Emili na Delhez walichapisha kazi yao: walipitisha waya ndani ya umio wa mtu aliye macho, hadi usawa wa kiwambo, wakaunasa umeme ule. Siku hizi njia kama hiyo hutumika hata kwa watoto wachanga mahututi.

Majumbani mwetu hatuna mashine hiyo, lakini macho na saa tunavyo. Shirika la Afya Duniani lafundisha hivi: mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake dakika nzima. Wa miezi 2 hadi mwaka, zikifika 50. Wa mwaka 1 hadi 5, zikifika 40. Au kifua kikibonyea akivuta, misuli imeelemewa. Ikiwa anakohoa au anahema kwa shida, mpeleke kliniki.

Usingoje asubuhi, ndugu yangu. Msuli nao huchoka.