Diski Haiumbizwi, Hutandikwa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifikisha ukomo wa huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kichakataji kilichomo katika orodha ya Microsoft, masharti ambayo laptopu kuukuu za mtumba aghalabu haziyatimizi. Mwenye mashine kama hiyo mjini Eldoret bado anaweza kuiongezea miaka ya uhai akiisafisha yote na kuiwekea mfumo endeshi mwepesi, mathalani Linux. Mafundi wa mji huu wanaijua kazi hiyo barabara na huiita kufomati. Waliojitwika jukumu la kuwapa neno la Kiswahili wakaleta kuumbiza, kisha wakaondoka kana kwamba kazi imekwisha. Haijaisha, na wala haikuanzwa vizuri.

Kitenzi umba ni cha Mungu na cha mfinyanzi: hukipa umbo kitu ambacho hakikuwa nalo. Kwa hiyo umbizo la matini ni istilahi ninayoikubali bila kinyongo, kwa sababu kichwa cha habari, aya na jedwali vina maumbo yanayoonekana kwa macho. Diski haiumbwi. Hutoka kiwandani na umbo lake, na hulibakiza hata ikifomatiwa mara mia. Kinachotendeka ni kuiwekea mpango: faharasa inayoonyesha faili ipi imeanzia wapi na nafasi ipi ni tupu. Aliyechagua umbiza alilitazama neno la Kiingereza, akaliona umbo ndani yake, akalifasiri umbo. Hakuitazama diski. Uvivu wa aina hii hauwi sayansi kwa kupigiwa kura kamatini.

Neno linalofaa lipo, nalo ni la kale: tandika. Mzizi wake ni tanda, kuenea juu ya kitu, uliozaa utando, tandaa na tandaza. Mzizi huohuo ndio uliotupa mtandao, kwa hiyo ulishaingia katika kompyuta kabla waliochagua umbiza hawajauona. Kiambishi -ika hapa si kile cha vunjika au someka. Ni kile cha kukiweka kitu katika hali fulani, na kinyume chake hutiwa -ua: bandika na bandua, funika na funua, anika na anua, tandika na tandua. Kitanda hutandikwa ili mtu alale, punda hutandikwa ili apandwe. Kutandika, basi, ni kukiandaa kitu kilichokwisha kuwapo ili kipokee kinachokuja, na hiyo ndiyo maana kamili ya kufomati diski. Hatua inayofuata ni kusakinisha, istilahi njema kutoka sakini, yaani kukaa mahali, ndugu wa maskani. Mfumo endeshi husakinishwa juu ya diski iliyotandikwa.

Faida kubwa zaidi iko katika tandua, yaani kuifuta diski yote hata data ya zamani isiweze kurudishwa. Kufomati kwa haraka hubadilisha faharasa tu. Katika diski ya kuzunguka, data ya zamani husalia mpaka iandikwe juu yake, na programu ya kufufua faili huweza kuirudisha. Neno fomati huificha tofauti hiyo, na umbiza likairithi kasoro hiyohiyo. Anayeiuza laptopu iliyohifadhi rekodi za wagonjwa au hesabu za chama huamini kwamba amefuta kila kitu, kumbe ametandika tu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Lugha isiyotenganisha kutandua na kutandika huwaacha watu gizani mbele ya sheria hiyo.

Nimesikia hoja kwamba futa latosha. Futa huondoa faili moja au maandishi ubaoni. Halisemi kwamba tandiko lote limeng'olewa. Wengine watasema tandika pia ni kupiga kwa fimbo. Ni kweli, lakini hakuna asikiaye "tandika kitanda" akadhani kitanda kitachapwa; muktadha huamua. Hoja nzito ni kwamba fundi hataacha kufomati. Historia inajibu. Ngamizi lilipendekezwa kwa kompyuta, na sikio likasikia maangamizi. Tarakilishi, lililounganishwa kwa vipande vya maneno, lafundishwa katika shule za Kenya huku barabarani watu wakisema kompyuta. Mtandao lilishinda kwa sababu limetokana na kitenzi hai ambacho kila msemaji anakihisi. Tandika lina nguvu hiyohiyo.

Matumizi ni mepesi: nakili faili zako kwingine, tandua diski, itandike, sakinisha mfumo. Umbiza libaki kwenye matini. Wanaoandaa kamusi na vitabu vya shule wasijifiche nyuma ya kauli kwamba neno limeshapitishwa. Kupitishwa si hoja. Anayepinga na ataje jozi nyingine ya Kiswahili inayotenganisha kazi hizi mbili kwa uwazi kama huu. Asipoitaja, tandika na tandua ziandikwe.