Pasi ya nywele: safari ya moto kutoka Paris hadi Doha

Msikilizaji, siku ya mapumziko ikiwadia mjini Doha, pasi ya nywele huanza kuzunguka vyumbani. Wakenya, Waganda na Watanzania wanaofanya kazi katika mji mkuu huo wa Qatar, wengi wao wakilala watu kadhaa katika chumba kimoja, huitumia kwa zamu, aghalabu kitandani, ikiwa imechomekwa kwenye waya wa kurefushia umeme pamoja na chaja za simu na birika la chai. Sheria namba 15 ya mwaka 2017 inampa mfanyakazi wa nyumbani nchini humo siku moja ya kupumzika kila wiki. Kwa wanaoipata kweli, ndiyo siku ya ibada, ya soko na ya nywele.

Waswahili walikiita kifaa hicho pasi, na hawakukosea. Nacho ni chuma kinachonyoosha kwa joto, sawa na pasi ya makaa ya nguo. Lakini makaa yaliwaka mbele ya macho, na hata mtoto aliyaogopa. Pasi ya umeme haitoi moshi wala cheche, ilhali bapa zake huweza kupita nyuzijoto 200. Maji huchemka kwa nyuzijoto 100.

Tangu mwanzo, kazi hii ilitaka mkono uliofunzwa. Mjini Paris, katika miaka ya 1870, Marcel Grateau alijipatia sifa kwa kutia nywele mawimbi kwa koleo la chuma lililopashwa moto. Chuma cha zama hizo hakikuwa na kipimo. Mtengenezaji nywele alikibana kwanza kwenye karatasi, na karatasi ikibadilika rangi alisubiri kipoe.

Nchini Marekani, sifa ya kuvumbua kitana cha moto hupewa mara nyingi Madam C. J. Walker, aliyezaliwa mwaka 1867 na kufariki mwaka 1919. Sifa hiyo si yake, kwani vitana hivyo vilikuwapo kabla yake. Alilolifanya lilikuwa kubwa zaidi: aliwafundisha maelfu ya wanawake weusi kazi ya kutunza nywele, wakapata riziki yao wenyewe.

Afrika Mashariki kitana hicho kilipashwa juu ya jiko la makaa, na wanawake waliokwenda "kuchoma nywele" walijua kukunja sikio lisiguswe. Urembo wa kichwa ukaingia hata katika siasa. Mwezi Oktoba mwaka 1968, Umoja wa Vijana wa TANU nchini Tanzania ulitangaza vita dhidi ya mawigi, sketi fupi na krimu za kung'arisha ngozi, vita vilivyopangwa kuanza Januari mosi mwaka 1969.

Baadaye dawa za kulainisha nywele zilikipunguzia kitana wateja. Dawa hizo nazo zimetiliwa shaka: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2022, uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000, uliona uhusiano kati ya kuzitumia mara kwa mara na saratani ya mji wa mimba, ingawa haukuthibitisha kwamba dawa ndizo chanzo. Pasi haina kemikali hizo. Ina moto wake.

Na kuna suala la plagi, ambalo ni historia ya ukoloni. Plagi ya pini tatu bapa iliwekewa kanuni Uingereza mwaka 1947. Kenya ilikuwa koloni lake hadi mwaka 1963, nayo Qatar ilikuwa chini ya ulinzi wake hadi mwaka 1971. Ndiyo maana pasi iliyonunuliwa Nairobi huingia kwenye soketi ya Doha bila taabu. Ile iliyotumwa na shangazi aliyeko Marekani ni jambo jingine. Umeme wa huko ni volti 120, wa Doha ni 240, na kiunganishi cha dukani hubadilisha umbo la pini tu. Kifaa cha volti 120 pekee kikipewa volti mara mbili, joto huelekea kuwa mara nne. Kwa hiyo maandishi madogo kwenye mpini yasomwe kwanza. Yakisema 100 hadi 240, hapana shida.

Nywele zenyewe lazima ziwe zimekauka kabisa, kwani maji yaliyomo ndani ya unywele hugeuka mvuke na kuupasua. Nywele nyembamba au zilizotiwa dawa hutosheka na nyuzijoto 150 hivi, nzito, 180. Kupita mara moja polepole kwenye fungu dogo ni bora kuliko kurudia mara tano. Na pasi iwekwe juu ya kigae, ichomekwe peke yake ukutani, kisha ichomolewe mara kazi inapokwisha. Hubaki na moto kwa muda hata baada ya taa yake kuzimika, na mkono wa mtoto huufuata waya unaoning'inia.

Aliyeungua huambiwa aweke jeraha chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si dawa ya meno, si siagi, wala barafu. Hapo Doha ina mtihani wake. Wakati wa kiangazi, matangi yaliyo juu ya paa hupashwa na jua kutwa, na bomba la maji baridi hutoa maji ya moto. Wenyeji wamezoea kuzima hita iliyomo ndani ya nyumba yenye kiyoyozi, na maji yaliyomo humo ndiyo huwa ya baridi. Asiye na hita ya namna hiyo huweka chupa kubwa za maji kwenye jokofu kabla hajaiwasha pasi.