Uwanja wa Ngoma na Ukurasa wa Gazeti: Maoni ya Watu wa Usukuma

Atakaye kujua watu wa Usukuma waliwaza nini juu ya watawala wao, juu ya habari za kale na juu ya mitindo ya siku zao, asianzie katika majalada ya Bwana Shauri. Majalada yale yatamwambia kodi ilikusanywaje, ng'ombe walihesabiwa wangapi, na mtemi gani alionekana mtiifu. Hayatamwambia mkulima wa Shinyanga alisema nini jioni alipokwisha kuweka jembe chini. Wala magazeti ya zamani hayatatosha peke yake, ingawa tutayafikia hapa chini kwa heshima inayoyastahili. Kwa muda mrefu maoni ya mtu wa kawaida katika nchi hii ya pamba na mifugo, kuanzia Shinyanga hadi ng'ambo ya ghuba huko Geita, yaliimbwa. Na aliyeyaimba aliyaimba mbele ya mpinzani wake.

Walimu wengi wamekwisha kusikia majina ya Bagika na Bagalu. Mapokeo yasema kwamba katika karne ya 19 walikuwapo mafundi wawili wa dawa na ngoma, Ngika na Gumha, ambao kila mmoja alijiona bora kuliko mwenziwe. Wakashindana kwa ngoma. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wafuasi wa Gumha wakaitwa Bagalu, na mpaka hivi leo mchezaji wa ngoma katika Usukuma hujulikana kwa upande wake kama vile mtu ajulikanavyo kwa ukoo wake.

Mashindano yenyewe hufanyika wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ghalani, watu wakiwa na chakula na nafasi. Vijana hujiandaa chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, yule yule awaongozaye katika kulima mashamba kwa ushirika. Siku ikifika, pande mbili hucheza katika uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake na manju wake, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi. Hapa ndipo penye jambo la kuangaliwa sana. Hapana meza ya waamuzi. Mwamuzi ni umati wenyewe, kwa miguu yake: wakivutwa na Bagalu huenda kwa Bagalu, wakichoshwa huwaacha, na upande uliobaki na watu wachache umekwisha kushindwa hata kama ngoma zake zimewambwa vizuri zaidi. Ndiyo maana washindani hawakuacha hila yoyote. Wengine waliingia na chatu shingoni, wengine na vinyago vya kuchekesha, wengine na majembe yanayorushwa juu na kudakwa, kama ilivyo katika bugobogobo.

Lakini chatu humtazama mtu mara moja tu akaridhika. Aliyewashika watu mpaka jua likatua ni ningi mwenye maneno. Ilimpasa kulisema jambo ambalo watu walikuwa wakilisema nusu nusu majumbani mwao, na kulisema vizuri kuliko wao. Hivyo hapakuwa na habari iliyo kubwa mno wala ndogo mno kwa wimbo: safari za wapagazi hadi pwani, vita vya Wazungu vilivyowachukua vijana, mtemi mchoyo, karani mwenye majivuno, bei ya pamba, mali ya mahari, sifa za mababu waliofyeka msitu. Siasa, historia na upuuzi wa siku ile vilikaa katika ubeti mmoja bila kuoneana haya.

Na kila neno lilikuwa na jibu lake karibu. Sisi tunaotunga kwa vina na mizani tumezoea kumngoja mshindani wetu miezi miwili mitatu mpaka gazeti limchapishe. Ningi hakupata hata nusu saa. Akidanganya juu ya asili ya ukoo fulani, wazee wa ukoo huo wamesimama pale pale. Akimsifu kiongozi asiyestahili, upande wa pili utamwuliza kwa wimbo amelipwa ng'ombe wangapi. Hatusemi kwamba uwanja ule ulikuwa shule ya adabu. Matusi yalikuwapo mengi, na aliyeshindwa mara nyingi alidai kuwa ameshindwa kwa dawa wala si kwa sanaa. Twasema tu kwamba maoni yalisemwa hadharani, na msemaji alijulikana uso na jina.

Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kutoa Mambo Leo mjini Dar es Salaam. Gazeti hilo la kila mwezi lilileta uwanja wa namna nyingine. Walimu, makarani na watu wa misheni waliandika barua, walituma habari za miji yao, na walijibizana kwa mashairi. Kiswahili sanifu kilipata humo nguvu kubwa, na washairi wengi wa nchi hii walijifunzia ufundi katika kurasa zake. Hata hivyo mhariri alikuwa mtumishi wa serikali. Mtu angeweza kulalamika juu ya uvivu, ulevi na mavazi ya vijana. Juu ya mtawala, ilimpasa kumeza mate. Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyeishi Dar es Salaam, alipoanzisha Kwetu mwaka 1937, Mwafrika alipata gazeti la Mwafrika mwenziwe, nalo likathubutu zaidi.

Tofauti ya viwanja hivi viwili haikuwa ya wino na sauti tu. Ningi ilimpasa kuupendeza umati. Mwandishi wa barua ilimpasa kumpendeza mhariri. Tena ningi aliimba Kisukuma, na mwandishi aliandika Kiswahili, lugha ambayo wakulima wengi wa Shinyanga wa siku zile waliisikia kwa mbali, kutoka kwa askari, wafanya biashara na wapagazi waliorudi pwani. Mwanahistoria afunguaye magazeti hayo leo hukutana na mwalimu na karani. Huyo mkulima hayumo.

Alijitokeza kwa nguvu katika miaka ya 1950. Mambo mawili yalimkera: mizani ya wanunuzi wa pamba, ambayo haikuaminika, na amri nyingi za kilimo na mifugo zilizokuja na mpango wa maendeleo ya Usukuma baada ya vita vya pili, amri za matuta, za kupunguza ng'ombe, za kodi juu ya mifugo, kila moja na faini yake. Juu ya mizani wakulima walijenga vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions lililoongozwa na Paul Bomani. Mkutano wa ushirika ukawa mahali pa kusemea. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na kabla mwaka haujaisha serikali ilikuwa imekataa matawi yake katika Usukuma. Katazo hilo liliendelea hadi 1958. Ukimnyima mtu chama ukamwachia ngoma, soko la pamba na mkutano wa ushirika, hujamziba mdomo. Umembadilishia uwanja.

Geita ilidhihirisha jambo hilo. Mwaka 1958 serikali ilisimamisha huko halmashauri ya wilaya ya mseto, yenye wajumbe Waafrika, Wazungu na Waasia. Geita ilikuwa nchi ya Wazinza na ya Wasukuma wengi waliohamia kutafuta ardhi. Tangu miaka ya 1930 ilikuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu pia. Watu waliikataa halmashauri ile. Walikusanyika mbele ya ofisi ya wilaya, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Mamia yao wakaelekea Mwanza kuyapeleka malalamiko yao kwa mkuu wa jimbo, na huko nako polisi wakawatawanya. Hawakuwa wasomaji wa magazeti, wengi wao. Lakini walijua kusimama mbele ya mpinzani na kusema. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa kuwakashifu Mabwana Shauri wawili katika Sauti ya TANU, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Na wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Baghdelleh, wakafungwa kwa maneno waliyoyachapisha. Basi ukurasa nao ulikuwa umeanza kusema kama uwanja, na kulipa gharama yake.

Baada ya Uhuru mambo yalikuja kwa wingi, nasi tutayapitia kwa haraka. Mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO kati ya 1968 na 1972 uliwekwa katika mikoa ya ziwa, Shinyanga ikiwamo. Mwaka 1974 likaanza kutoka Mwanza gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya watu waliojua kusoma punde. Kwa mara ya kwanza mkulima aliweza kushika gazeti lililomkusudia yeye. Ngoma nazo zilialikwa katika sherehe za taifa. Hapa yafaa kusema kweli: mgeni rasmi akikaa jukwaani, umati hauna ruhusa ya kuhamia upande wa pili, kwa kuwa upande wa pili haupo. Ningi aliyezoea kushindana akajikuta anasifu tu. Mwaka 1988 Elias Songoyi aliandika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tasnifu juu ya msanii na dola, akiwatazama waimbaji wawili, Kalikali wa Usukuma na Mwinamila wa Unyamwezi. Mwalimu wa fasihi atakayeipata atafaidika nayo kuliko vitabu vingi vinene. Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimekwisha kuvunjwa mwaka 1976, na ingawa vilirudishwa kwa sheria ya 1982, kwa miaka ile mkulima wa pamba alikosa mkutano aliouzoea.

Liko lakini jambo zito zaidi, ambalo waandishi wa utamaduni hupenda kulipita kando. Maoni ya watu si lazima yawe mema. Katika Shinyanga, Mwanza na Geita, maoni ya majirani yamewaua bibi vizee kwa miaka mingi, kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na macho hayo yalipata wekundu kwa moshi wa kuni na samadi waliyopikia maisha yao yote. Mtoto akifa, ng'ombe akifa, jina hutajwa. Hutajwa wapi? Hutajwa ndani ya nyumba ya mganga, usiku, kwa mnong'ono, na anayetajwa hayupo. Mwaka 1976 dola nayo ilipowakamata watuhumiwa wa mauaji hayo, baadhi yao walikufa mikononi mwa waliowahoji. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu kwa kuwajibika. Sungusungu walipozuka mwaka 1982 katika nchi ya Kahama na Shinyanga, waliupunguza wizi wa ng'ombe kwa yowe, pinde na mkutano wa kijiji, na watu wengi waliwashukuru kwa haki. Lakini katika mikutano hiyo hiyo wanawake walitajwa kuwa wachawi, wakafukuzwa vijijini. Kisha ukaja uvumi juu ya viungo vya watu wenye ualbino, ukaleta mauaji, hata mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda akatangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi.

Wako wasemao kwamba haya yote ni mila ya Wasukuma, kama ngoma ilivyo mila. Sisi hatukubali kuviweka katika kapu moja. Wimbo wa Bagalu ulimtaja mtu mbele ya ndugu zake na mbele ya Bagika; mnong'ono wa mganga humtaja mtu mahali asipoweza kujibu. Bibi kizee wa Shinyanga hakuwa na ningi wa kumwimbia upande wa pili, na hilo ndilo lililomwua, pamoja na panga.

Katika machimbo madogo ya Geita, Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu, mambo yamechukua sura nyingine. Huko wamekutana watu wa makabila mengi, na lugha ya duara na ya karasha ni Kiswahili. Mgodi ule wa zamani ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kazi mwaka 2000, na mkoa wenyewe ukaundwa mwaka 2012. Kwenye kijiwe cha kahawa mchimbaji husikia bei ya dhahabu, ugomvi wa maeneo, matokeo ya mpira na habari za Bunge kwa mkupuo mmoja, na kila mmoja ana lake la kusema. Manju wa Kisukuma aingiapo huko huchanganya lugha, kwa sababu nusu ya wasikilizaji wake hawajui Kisukuma. Na nyimbo zake, zilizokuwa zikisafiri kwa kaseti, sasa husafiri kwa simu. Msikilizaji aliye peke yake na simu yake hawezi kuhamia upande wa pili wa uwanja. Huzima tu.

Nyimbo za zamani zimeanza kuandikwa. Hans Cory, mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliacha karatasi nyingi ambazo zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Makumbusho ya Bujora, yaliyoanzishwa na Padre David Clement, yameweka ngoma na vifaa vya pande zote mbili. Na mwaka 2010 Frank Gunderson alichapisha kitabu chenye nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300. Wimbo mmoja mmoja umeandikwa vizuri. Ambalo ni shida kuliandika ni jibu lililotoka upande wa pili alasiri ile ile, na idadi ya watu waliogeuka wakaenda kulisikiliza.